Usukani wa Kale na Fedha za Ufuta

Barua nyingi zinazoifikia safu hii huzungumzia ada za shule, wakwe wasioelewana na wapangaji wasiolipa kodi. Wiki hii imo moja isiyofanana na zote hizo. Imetoka Chanzuru, wilayani Kilosa, na aliyeiandika ni mama mwenye mwandiko wa kulala, mwandiko wa watu waliofundishwa kuandika kabla ya kufundishwa kuharakisha.

Mama huyu anaeleza kwamba mwanawe, kijana wa miaka ishirini na mitatu, anaendesha kibanda cha michezo ya televisheni. Ana mashine mbili za PlayStation 3, televisheni mbili na mabenchi. Ana pia kitu ambacho, kwa maneno ya mama, "hakipo penginepo hapa kwetu": usukani wa kuendeshea magari ya mchezo, uliovishwa ngozi, wenye makanyagio matatu ya miguu na mkono wa gia pembeni. Kijana aliununua Dar es Salaam, nao ulikuwa umekwisha kutumiwa na mwingine. Sasa anasema umechakaa, anataka mpya. Fedha anazozitazama ni za ufuta wa nyumba nzima, ufuta uliolimwa na yeye, mama yake na dada zake wawili. Dada wamenuna. Mama anauliza kama ni haki afungue mkoba.

Shikamoo, Mama. Nimeisoma barua yako mara mbili, na nimejitahidi kuuliza kwa wanaovifahamu vyombo hivi kabla ya kushika kalamu.

Najua wapo wasomaji watakaocheka. Watasema: gari lisilo na matairi, safari isiyofika popote, na watu wazima wanakaa kulijadili gazetini! Nawaomba wavumilie. Kibanda kile ni kazi ya mtu. Fundi seremala akiomba randa mpya hatumwambii kwamba anachezea mbao. Swali la haki ni moja tu: je, chombo hiki kikibadilishwa, kazi itakwenda mbele, au ni moyo tu utakaofurahi kwa wiki mbili?

Wala tusidhani kwamba tamaa ya usukani imeletwa juzi na televisheni. Mwaka 1953 yalianza mashindano ya magari yaliyoitwa East African Coronation Safari, kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Uingereza, nayo yakazipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Miaka ya 1966 na 1967 mshindi alikuwa Bert Shankland, dereva aliyetoka hapa Tanzania, akiendesha Peugeot 404. Joginder Singh wa Kenya alishinda mara tatu, 1965, 1974 na 1976. Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, alishinda mara tano: 1973, kisha 1979 hadi 1982 bila kupumzika. Mashindano hayo yalitolewa katika orodha ya ubingwa wa dunia baada ya 2002, yakarudishwa 2021 huko Naivasha, na mwaka 2023 barabara za Safari ya Kenya zikaingizwa katika mchezo rasmi wa ubingwa huo, unaoitwa EA Sports WRC. Yaani mtu anaweza kuketi Chanzuru akalifukuza vumbi la Naivasha. Kijana asiyetamani hilo labda ni mgonjwa.

Basi tukitazame chombo chenyewe. Kwa jinsi mama alivyokieleza, na kwa maandishi aliyonakili ubavuni mwake, ni Logitech G27, aina iliyotoka mwaka 2009. Ndani yake mna mota mbili ndogo zinazousukuma usukani kwa njia ya meno ya gia, ili mikono ya mchezaji ihisi gari linapoteleza au kupanda jiwe. Usukani huzunguka nyuzi 900, yaani mizunguko miwili na nusu kutoka mwisho wa kushoto hadi mwisho wa kulia, karibu sawa na gari la kweli. Mkono wa gia una nafasi sita za kwenda mbele na moja ya kurudi nyuma. Kwa umri wake, hiki si chombo duni hata kidogo. Mabingwa wengi wa mchezo huu walijifunzia juu ya vyombo vya namna hii.

Kijana ana malalamiko matatu. La kwanza ni kelele. Hilo nalipita haraka, kwani meno ya gia hugongana, na yaligongana hata siku chombo kilipokuwa kipya. Grisi kidogo itapunguza. Mteja wa Chanzuru hatoi fedha yake ili akae kimya.

La pili ni breki, na hapa ndipo ningependa kijana anisikilize kuliko mama. Anasema kwamba breki "inaruka": mara inashika yote, mara haishiki. Chini ya kila kanyagio la chombo hiki kuna kipimo kidogo cha umeme kinachozunguka kanyagio linaposhuka, kama kile kitufe cha redio cha kupandisha sauti. Msomaji mwenye redio ya zamani anakumbuka kitufe kile kilivyokuwa kikikwaruza sauti baada ya kuingiwa na vumbi. Ugonjwa ni uleule, na dawa ni ileile. Fundi redio yeyote ana kopo la dawa ya kupuliza ya kusafishia viungo vya umeme. Apulize, achezeshe kanyagio mara hamsini, aache pakauke. Ikiwa kipimo kimelika kabisa, huuzwa peke yake na hubadilishwa kwa fundi mwenye chuma cha kulehemu risasi. Hakuna ufuta unaopaswa kuuzwa kwa ajili ya vumbi.

Lakini kuna jambo la ndani zaidi kuhusu breki, nalo ndilo linalowatenganisha wanaocheza na wanaoendesha. Katika gari la kweli mguu hausomi kanyagio limeshuka umbali gani. Unasoma umelikandamiza kwa nguvu kiasi gani. Mguu una kumbukumbu nzuri ya nguvu, na kumbukumbu mbaya ya umbali. Kanyagio la G27 hupima umbali. Vyombo vya bei kubwa vya siku hizi vina breki inayopima uzito wa mguu, na wazoefu wa mchezo huu hupenda kushauri kwamba mwenye fedha ya kitu kimoja aanze na makanyagio, usukani ufuate. Anayevunja mwendo vizuri kabla ya kona hushinda hata kwa usukani wa kawaida. Anayeuvunja vibaya hugonga ukuta hata kwa usukani wa dhahabu.

Wasio na fedha walikwisha kubuni njia yao. Hukata kipande cha mpira mgumu na kukiweka ndani ya springi ya breki, ili kanyagio likifika nusu ya safari yake likutane na ukinzani, na mguu upate kitu cha kupimana nacho nguvu. Ng'ambo hutumia nusu ya mpira wa mchezo wa skwoshi. Hapa kwetu tuna katambuga. Kipande cha soli ya katambuga chenye ukubwa wa sarafu, kikichongwa vizuri, ni bora kuliko mambo mengi yanayouzwa kwenye maboksi ya rangi. Angalizo moja tu: kanyagio halitashuka tena hadi mwisho, hivyo mchezo uelezwe upya kikomo chake kiko wapi. Kwenye kompyuta ni jambo la dakika moja. Kwenye PlayStation 3 ni gumu zaidi, na huenda ikabidi kipande kipunguzwe mara mbili tatu hadi breki ifike mwisho wake.

Lalamiko la tatu ni kwamba usukani umesahau katikati. Gari linakwenda kombo hata mikono ikiwa sawasawa. Hili lina sababu mbili. Ya kwanza, ambayo watu huidharau, ni meza. Usukani huu hubanwa mezani kwa vibano viwili. Meza ikiwa ya mbao laini na miguu inayocheza, mteja akivuta kwa nguvu meza nzima hugeuka pamoja naye, na makanyagio hukimbia sakafuni. Kijana apigilie ubao chini, ayafunge makanyagio juu ya ubao huo, na kiti kiegemee kwenye ubao huohuo. Seremala wa kijijini ataimaliza kazi hiyo kwa nusu siku. Sababu ya pili ni ya ndani: juu ya mhimili wa mota kuna kigurudumu chembamba cha plastiki kinachohesabu mizunguko, nacho kwa kuzeeka hupasuka na kuanza kuteleza. Kikipasuka, hesabu hupotea na katikati huhama. Hili likithibitika, na fundi akashindwa kukipata kigurudumu kingine, hapo nitakubaliana na kijana kwamba mzee amefika mwisho wa utumishi wake.

Tuseme sasa amenunua mpya. Je, atapata nini? Anayefuata katika ukoo huo ni G29, uliotoka mwaka 2015 kwa bei ya dola 399 huko Marekani. Ndani yake mna mota mbili na meno ya gia vilevile. Nguvu yake ni nyutoni-mita mbili na kitu; kwa lugha ya sokoni, ni kama kuning'iniza kilo moja na nusu ya sukari ukingoni mwa usukani. Breki yake ina kipande cha mpira ndani, yaani ile katambuga yetu iliyowekwa kiwandani. Na mkono wa gia haumo ndani ya boksi! Huuzwa mbali, na ule wa zamani haushiki bila kiungo cha ziada. Hivyo mteja aliyezoea kukanyaga klachi na kuingiza gia ya tatu kwa mkono atarudishwa kwenye vibonyezo vya vidole. Sioni maendeleo hapo.

Hatua ya kweli ni usukani usiokuwa na meno wala mikanda, ambao hufungwa moja kwa moja kwenye mhimili wa mota kubwa. Mwaka 2021 kampuni ya Fanatec ya Ujerumani ilitoa wa namna hiyo, CSL DD, wenye nyutoni-mita tano, yaani kilo tatu na nusu za sukari badala ya moja na nusu. Ilikuwa bei nafuu kwa vyombo vya daraja hilo, euro 349.95, lakini fedha hiyo ilinunua mota peke yake. Duara la kushika na makanyagio vilikuwa na bei zake. Ongeza usafiri wa mzigo mzito na ushuru. Mota ya nguvu namna hiyo ikifungwa kwenye meza tuliyoieleza hapo juu, itaing'oa meza.

Sasa sikiliza mnyororo wa manunuzi. Usukani wa zamani unafanya kazi na PlayStation 3 na michezo yake, Gran Turismo 5 na Gran Turismo 6. Hauelewani na michezo ya PlayStation 4 wala 5. Kijana akinunua G29 akabaki na mashine alizonazo, wateja wataona magari yaleyale kwenye barabara zilezile. Akitaka magari mapya, usukani utadai mashine mpya, mashine itadai diski mpya, na televisheni ya zamani itaanza kuonekana ndogo. Aliyeomba kamba ameishia kununua ng'ombe.

Na kibanda kinasemaje? Tufanye hesabu ya mfano, kila mmoja aweke bei za kwake. Tuseme mchezaji hulipa shilingi 300 kwa dakika kumi. Kwenye mpira wa miguu hukaa wachezaji wawili, hivyo saa moja huleta 3,600. Kwenye usukani hukaa mmoja, na saa ileile, kwa televisheni ileile na umeme uleule, huleta 1,800. Usukani ukifanya kazi saa tatu kwa siku ni 5,400. Tuseme chombo kipya na mashine yake vimegharimu shilingi 1,200,000: zitahitajika siku 222 kuzirudisha, bila kutoa umeme, pango, wala chai ya kijana. Hata hesabu hiyo inampendelea, kwani zile 5,400 usukani wa kale tayari unaziingiza. Kinachoweza kukilipa chombo kipya ni ile ziada tu itakayoletwa na upya wake, na sijui ni wateja wangapi wa Chanzuru watakaolipa zaidi kwa ajili ya kilo mbili za sukari.

Kwa hiyo jibu langu, Mama, ni hapana kwa usukani mpya. Lakini sisemi fedha zote zirudi chini ya godoro, maana kijana ana haki ya kukua katika kazi yake. Nashauri libadilishwe kile kilicho nyuma ya usukani. Usukani wa kale unaelewana vizuri na kompyuta, kwa programu ya kampuni iliyoutengeneza. Upo mchezo wa mwaka 2004 uitwao Richard Burns Rally, uliopewa jina la Mwingereza aliyeshinda Safari mwaka 1998 na tena 2000. Umri wake ni miaka ishirini na zaidi, na bado wachezaji wa mashindano ya vumbi huutaja miongoni mwa michezo inayofanana zaidi na gari la kweli. Kompyuta ya ofisi iliyotumika inaweza kuubeba bila kutoa jasho. Akitaka Assetto Corsa ya mwaka 2014, atahitaji kuongeza kadi ya picha ndani ya kompyuta. EA Sports WRC auache kwa sasa. Huo hudai mashine ya watu wenye mishahara mikubwa.

Uzuri wa kompyuta ni kwamba haichezi peke yake. Asubuhi, wakati wateja wa mchezo wako shambani au darasani (na wa darasani wasionekane kibandani saa hizo, kijana anisikie), kompyuta ileile yenye mashine ndogo ya kuchapia inaandika barua, inajaza maombi ya vyuo na ya mikopo ya wanafunzi, inatoa nakala za vyeti. Chanzuru ina majirani wa Ilonga, wenye chuo cha ualimu na kituo cha utafiti wa kilimo, makaratasi hayakosekani. Mmoja wa dada zake wawili anaweza kuishika kazi hiyo ya asubuhi, na hapo fedha za ufuta zitakuwa zimenunua chombo cha watu wawili badala ya mmoja.

Wale dada nao wasisahauliwe. Walipalilia. Kabla shilingi haijatoka, kijana aandike daftari kwa mwezi mmoja: tarehe, saa za mpira, saa za usukani, fedha zilizoingia, umeme uliolipwa. Kisha akae na mama yake na dada zake, daftari likiwa katikati. Wakikubaliana, sehemu ya fedha isiyo yake iandikwe kuwa ni mkopo, na irudi kabla ya msimu wa kununua mbegu. Kijana anayeona uchungu kuandika daftari la mwezi mmoja atawezaje kulipa deni la mwaka?

Mama ameuliza pia, chini kabisa ya barua, kama ni kweli kwamba mchezo huu unaweza kumfanya mwanawe dereva. Yuko Mwingereza, Jann Mardenborough, aliyeshinda mwaka 2011 shindano lililoitwa GT Academy la kutafuta madereva miongoni mwa wachezaji wa Gran Turismo, na mwaka 2013 akashika nafasi ya tatu katika daraja lake kwenye mashindano ya saa 24 ya Le Mans. Ni kweli. Ni kweli vilevile kwamba alichaguliwa miongoni mwa maelfu kwa maelfu, kisha akafundishwa upya kwenye magari halisi. Usukani wa kibandani utamzoesha kijana mpangilio wa klachi, gia na mafuta, na hilo si haba siku atakapokwenda chuo cha udereva. Lakini barabara kuu inayokata Hifadhi ya Mikumi haina kitufe cha kuanza upya, na tembo hajui kwamba dereva alikuwa akiongoza.

Siku ya kwenda Kariakoo kununua kompyuta, kijana aubebe usukani wake mkobani. Auchomeke palepale dukani kabla ya kulipa. Usukani mzima, ukipata umeme, hujizungusha wenyewe hadi mwisho wa kushoto, ukaenda hadi mwisho wa kulia, kisha ukarudi na kutulia. Autazame unatulia wapi. Ukitulia katikati, na kompyuta ikautambua, ahesabu fedha. Ukitulia kombo, autoe na kuuchomeka mara ya pili, halafu ya tatu. Ukiwa kombo mara zote tatu, kabla ya kulaumu kompyuta ya mwenye duka aupeleke kwa fundi, aufungue na kukitazama kile kigurudumu cha plastiki.